Biashara haioti hewani

Mazungumzo na familia zilizohama, familia zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Butembo, Kivu ya Kaskazini



Tumeombwa tuzungumze juu ya biashara ndogo ndogo na maendeleo ya eneo letu. Wengi mmekwisha kusikia hotuba nyingi za namna hii. Mmeambiwa mjitegemee, muwe na moyo, mjiunge katika vikundi. Leo hatutawaambia kwamba mmekosa moyo. Mtu aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hana haja ya kufundishwa moyo. Tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha yale tuliyokuja kusema.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha wamama waliohama kazi ya kushona. Mafunzo yalikwenda vizuri. Mwisho wake kila kikundi kilipewa cherehani, picha zikapigwa, ripoti ikaandikwa, nasi tukafurahi. Tuliporudi baada ya msimu mmoja tulikuta cherehani nyingi zimeuzwa. Kwanza tulikasirika. Tulisemezana kwamba watu hawa wamezoea kupewa tu, hawataki kujitegemea.

Mama mmoja wa kikundi hakubishana nasi. Alituomba tumfuate sokoni. Upande mmoja alituonyesha marobota ya mitumba: shati lililokwisha kushonwa lilikuwa rahisi kuliko kitambaa cha kushonea shati. Upande mwingine alituonyesha mafundi wenyeji, wamekaa mstari mmoja, wengi wao wakingoja kazi. Kisha alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: ni nani angemwachia kikwembe chake yeye, mgeni, ambaye hakuna anayejua nyumba yake wala kama kesho atakuwa bado yuko?

Hapo tulielewa. Tulikuwa tumewapa ufundi na chombo, lakini hatukuangalia mahali. Mitumba haikuwa kosa la wale wamama. Wingi wa mafundi haukuwa kosa lao. Kutojulikana kwao hakukuwa kosa lao. Waliuza cherehani wakanunua chakula, na kwa hali waliyokuwa nayo, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu sahihi.

Kila mahali na kazi yake

Wakulima mnalijua jambo hili kuliko sisi. Kule Lubero juu, penye baridi, viazi vinakubali. Kule Mutwanga na bondeni kuelekea Semuliki, penye joto, kakao inakubali. Mkulima akipanda kakao Lubero ikafa, hakuna anayemwambia mche ule ulikuwa mvivu. Tunasema udongo na baridi haviukubali. Lakini biashara ya mtu ikifa tunasema mwenyewe hakujua kazi. Mara nyingi tunamwonea.

Tazameni mifano ya karibu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, haikutoka kwenye semina yoyote. Ilizaliwa kwetu Kivu kwa sababu mikaratusi ilikuwa karibu, matairi makuukuu yalipatikana, njia ni za mteremko na mawe, na gari lilikuwa ghali. Wasukumaji wake wamelisha familia nyingi, hata Goma ikawajengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Ile ni kazi iliyotokana na hali ya mahali.

Tazameni pia kakao ya Beni. Zamani sehemu zile zilijulikana kwa kahawa ya robusta. Ukaja ugonjwa wa mnyauko, miti ikakauka shamba baada ya shamba. Wakulima hawakukaa kulia tu. Wengi waligeukia kakao, kwa sababu joto, mvua na kivuli cha miti vilikuwepo tayari, na wanunuzi walikuja. Baadaye vita vikaongeza hali nyingine. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Kwa aliyebaki shambani ilikuwa baraka. Kwa aliyekimbia, bei hiyo iliwaita wezi kwenye miti yake. Mti ni ule ule, bei ni ile ile. Usalama ndio ulioamua nani ale matunda.

Kwa hiyo, tukiuliza kwa nini mahali fulani biashara zinakua na mahali pengine zinakufa, tusitazame watu peke yao. Tutazame hali zinazowazunguka. Sisi tumezigawa katika mafungu matatu: hali tusizoweza kuzibadili upesi, hali zinazobadilika kwa kazi ya miaka, na hali tunazoweza kuzibadili wenyewe kuanzia mwezi huu.

Fungu la kwanza: tusizoweza kuzibadili upesi

Mlima, baridi, ziwa na umbali wa bahari havitabadilika. Bidhaa nyingi za Butembo zinatoka Asia, zinashushwa Mombasa, zinapita Kampala na kuingilia Kasindi. Kila kituo cha njia hiyo ndefu kinaongeza bei ya kandambili na ya sabuni.

Vita navyo, sisi tuliokaa hapa hatuwezi kuvizima kwa mkutano mmoja. Mwaka 2024 zaidi ya watu milioni 7 walihesabiwa kuwa wakimbizi wa ndani katika nchi yetu. Juni ya mwaka huo, vita vilipofika Kanyabayonga, wengi wenu mlishika njia ya Kirumba na Lubero hadi hapa. Watu wakija wengi kwa mara moja, vibarua vinaongezeka na ujira wa siku unashuka. Nyumba zinapungua na kodi inapanda. Mwenyeji maskini anaumia pamoja na mgeni. Tuyaseme haya waziwazi, kwa sababu tukiyaficha yanageuka chuki. Mwenyeji anadhani mgeni amemshushia ujira. Mgeni anadhani mwenyeji anamnyonya. Ukweli ni kwamba vita vimewashushia wote wawili.

Katika fungu hili busara ni kutopigana na mlima. Tusichague kazi inayotaka kitu ambacho mahali hapana.

Fungu la pili: zinazobadilika kwa kazi ya miaka

Hapa tunaweka barabara, umeme na viwanda vidogo. Hizi zinataka pesa nyingi, Serikali na wafadhili. Lakini zinabadilika, na zikibadilika, riziki inabadilika pamoja nazo.

Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, umeme wa mto ulianza kupatikana mwaka 2013. Baadaye kikafunguliwa kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya mawese. Mawese yalikuwepo tangu zamani. Watu wenye nguvu na akili walikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kimekosekana ni umeme. Kule Matebe, katika Rutshuru, kituo kikubwa zaidi, chenye megawati zaidi ya 13, kilizinduliwa mwaka 2015. Mahali umeme unapofika, mashini za kusaga, maduka ya kuchomelea vyuma na vinyozi hufuata, bila mtu kuwafanyia semina.

Mfano mwingine ni wa kahawa ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Wakulima walikuwa na kahawa nzuri ya arabika, lakini hawakuwa na kituo cha kuiosha wala mnunuzi wa kuwapa bei ya haki. Wengi waliivusha usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na watu wengi walizama. Mwaka 2003 wakulima walianzisha ushirika wa SOPACDI kule Minova. Polepole walipata kituo cha kuosha kahawa, wakaanza kuiuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Wanachama wao ni wa makabila mbalimbali, katika eneo ambalo makabila hayo yalikuwa yameumizana. Kituo kile hakikuwahubiria amani. Kiliwapa mahali pamoja pa kuleta kahawa na sababu ya kulindana.

Kuhusu barabara, mnajua kwamba Kongo na Uganda zilizindua Juni 2021 mradi wa kutengeneza njia, zikiwemo Kasindi hadi Beni, kilometa 80, na Beni hadi Butembo, kilometa 54. Mnajua pia kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haya ni mema. Lakini barabara nzuri yenye bariere nyingi ni sawa na barabara mbaya. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Nyingine zilikuwa za watu wenye silaha, nyingine za watumishi wa dola wenyewe. Mama anayebeba gunia la maharagi akilipa mara tano njiani, faida yake inaishia njiani. Hapo tusimwambie ajifunze zaidi kuhesabu. Anajua kuhesabu, ndiyo maana msimu ujao atalima ya kula tu.

Fungu la tatu: tunazoweza kuzibadili mwezi huu

Sasa tunafika kwenye jambo tulilotaka hasa kulisema. Kati ya hali zote zinazofanya biashara iishi, iko moja ambayo haingoji Kinshasa, haingoji wafadhili, wala haingoji vita viishe. Ni kuaminiana.

Butembo yenyewe ni ushahidi. Mji huu haukukuzwa na dhahabu peke yake. Tangu miaka ya 1980 wafanyabiashara wa hapa walijifunza kununua pamoja: mmoja hakuweza kujaza kontena, basi watu kadhaa walichanga, mmoja akatumwa Dubai au China, wengine wakangoja wakiwa hawana karatasi ya maana mkononi, wana neno lake tu. Dola ilipodhoofika, walichanga pia kutengeneza njia. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, kwa mchango mkubwa wa waamini na wafanyabiashara wa hapa. Benki hazikuwa na nguvu wakati ule. Dhamana ilikuwa jina la mtu, ukoo wake na kanisa lake. Aliyekula pesa za wenzake alijua kwamba hatapata tena mtu wa kumkopesha mji mzima.

Lakini tuseme pia upande wa pili. Kuaminiana kwa ukoo na lugha kunamsaidia aliye ndani na kumfungia aliye nje. Mtu aliyehama kutoka Masisi au Ituri hana shangazi hapa, hana mchungaji anayemjua tangu utotoni, hana jirani wa kusema kwamba huyu ni mtu wa kweli. Kijijini kwake pengine alikuwa na duka, na mwenye depo alimkopesha katoni kumi mpaka siku ya soko. Bunduki zilipolia alipoteza duka, na alipoteza kitu kikubwa kuliko duka: alipoteza watu wanaomjua. Cherehani haiwezi kurudisha kitu hicho. Hata pesa haiwezi. Watu tu ndio wanaoweza kukirudisha.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni aliyepewa jembe ameanza kuwa mtu wa hapo. Kwa mjini, jembe ni nini? Kwa maoni yetu ni mambo matatu: nafasi sokoni, jina lililoandikwa na shefu, na kiti katika kikundi cha akiba.

Tuanze na akiba, kwa kuwa wengi mnaijua likelemba, na wengine mko katika MUSO au AVEC. Utaratibu wa AVEC ulianza Niger mwaka 1991 katikati ya wamama wa vijijini, na umeenea Afrika nzima kwa sababu hauhitaji benki. Watu kama 15 hadi 25 wanakutana kila juma, kila mtu ananunua hisa kwa uwezo wake, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Sanduku lina kufuli 3, na funguo 3 hukaa kwa watu 3 tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake.

Tumeona makosa mawili katika vikundi vya watu waliohama. La kwanza ni kuwaweka wahamaji peke yao. Kikundi cha watu wasiojulikana kinabaki kikundi cha watu wasiojulikana. Vizuri kikundi kiwe na wenyeji na wageni, na funguo zikae pande zote mbili. Siku wenyeji wanaposikia kwamba ufunguo mmoja wa akiba yao uko mkononi mwa mama aliyetoka Kanyabayonga, na kila juma sanduku linafunguliwa bila upungufu, mama yule amekwisha kupata jina mjini.

Kosa la pili ni muda. Mzunguko wa kawaida ni wa miezi 9 hadi 12. Mtu aliyehama hajui kama atakuwa hapa baada ya miezi 12. Akiogopa, hataweka, au ataweka, kisha vita au habari za kurudi kijijini zimtoe ghafula, nao ugomvi uzaliwe. Basi mwanzoni mgawane baada ya miezi 3 au 4, na muandike mapema jinsi mtu anayeondoka atakavyopewa haki yake. Wengi watajiunga tena. Mzunguko mfupi uliomalizika kwa ukweli unajenga kuaminiana kuliko mrefu uliokatika.

Ombi kwa viongozi

Waheshimiwa, hatukuja kuwafundisha kazi yenu. Tuna maombi matatu tu.

La kwanza ni nafasi sokoni. Tumesikia mahali pengine kwamba mama aliyehama analipa ushuru wa siku kama wenzake, kisha anaombwa mchango mwingine kwa sababu ni mgeni. Kila anayelipa ushuru mmoja apewe tiketi moja, na iishie hapo. Pesa mnayopata kwa kumtoza mara mbili ni ndogo. Mnayopoteza akiacha kuuza ni kubwa, kwa kuwa ataleta njaa yake mlangoni mwenu. Na mnapogawa meza mpya, wenyeji waliongoja muda mrefu wasirukwe. Haki ionekane pande zote mbili.

La pili ni jina. Wengi walikimbia bila kadi ya mchaguzi, na hapa kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Asiye na karatasi anaogopa bariere, hawezi kusafiri kununua mali, hawezi kufungua akaunti. Barua yako, shefu wa kata, inayosema kwamba mtu huyu anakaa kwa fulani tangu mwezi fulani, inaweza kumfungulia njia. Tafadhali isiuzwe.

La tatu ni kuwaelimisha watu juu ya haki zilizokwisha kuandikwa. Mama wengi bado wanaambiwa kwamba hawawezi kusaini mkataba wala kukopa bila ruhusa ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Familia iliondoa ulazima huo. Wamama wengi waliohama ndio vichwa vya familia. Waume zao wamekufa, au wamepotea, au hawajulikani walipo. Kuwadai ruhusa ya mtu asiyejulikana alipo ni kuwafunga mikono. Vilevile upo utaratibu rahisi wa COMESA kwa wachuuzi wadogo wa mpakani, unaoruhusu bidhaa zilizo katika orodha zipite bila ushuru wa forodha. Orodha hiyo ibandikwe mahali watu wanapoiona, kwa lugha wanayoisoma.

Ombi kwa familia zilizohama

Ndugu zetu, kabla ya kuchagua kazi, kabla hata ya kukubali kazi tunayowaletea sisi, tembeeni sokoni juma zima. Angalieni mambo matano. Nani ananunua, na siku gani ana pesa? Nani anaifanya kazi hiyo tayari, na je, anapata au anangoja? Kitu gani kinatoka mbali ambacho kingeweza kutengenezwa hapa? Kitu gani kinaoza au kinatupwa? Na mnajua nini ninyi ambacho watu wa hapa hawakijui?

Swali la mwisho msilidharau. Wafugaji waliotoka Masisi wanajua maziwa na jibini kuliko watu wengi. Waliotoka kando ya ziwa wanajua kukausha samaki. Waliotoka bondeni wanajua mchele na mawese. Mliacha mashamba, lakini ujuzi mlikuja nao. Kazi ambayo mwenyeji haifanyi haimnyang'anyi tonge, na mara nyingi atakuwa mnunuzi wenu wa kwanza.

Na mkiwa na deni dogo, lipeni siku ile mliyoahidi. Siku moja ya kuchelewa kwa mwenyeji ni jambo la kawaida. Kwa mgeni watu wanasema amekimbia. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na mnaweza kuishinda kwa muda mfupi.

Ombi kwa wenyeji

Wenyeji wetu, mmebeba mzigo mkubwa, na mara nyingi msaada umewapita mlangoni ukaenda kwa mgeni aliyelala nyumbani mwenu. Hilo nalo ni kosa letu sisi mashirika, na tumeanza kulirekebisha: miradi yetu ya riziki sasa inaandika familia pokezi pamoja na familia zilizohama. Tunawaomba kitu kimoja. Mkopesheni mgeni neno lenu. Mwenye depo akiuliza huyu ni nani, semeni: namjua, anakaa kwangu. Maneno hayo matatu hayagharimu franka hata moja, na kwake ni mtaji.

Kumaliza

Watu hupenda kusema penye nia pana njia. Sisi tumejifunza kwamba nia mnayo wote, na njia ndiyo inayofungwa: na mlima, na bariere, na karatasi, na kutojulikana. Mlima hatutauhamisha. Bariere tutaendelea kuzilalamikia kwa wanaohusika. Karatasi viongozi wanaweza kuzirahisisha. Na kutojulikana tunaweza kukumaliza sisi wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Amani tunayoitafuta haikai katika mikataba ya wakubwa tu. Inakaa pia katika daftari la mwenye duka, pale jina la mgeni linapoandikwa kwa mara ya kwanza chini ya jina la mwenyeji, kwa mkopo ule ule na kwa siku ile ile ya kulipa. Siku jina hilo litakapokuwa limeandikwa mara nyingi hata hakuna anayeliangalia tena, eneo letu litakuwa limeanza kuendelea.

Mungu awalinde, na awarudishe salama wale wanaotamani kurudi.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani zilizokufa kwa sababu ya hali ya mahali, na si kwa sababu ya uvivu?
2. Ni vizuizi gani tunavyoweza kuviondoa wenyewe kabla ya mwezi kuisha? Nani atafanya nini?
3. Katika vikundi vyetu vya akiba, funguo ziko mikononi mwa nani? Je, wenyeji na wageni wote wamo?
4. Je, yupo mtu aliyehama ambaye ninaweza kumshuhudia mbele ya mwenye duka, shefu au mchungaji? Kama yupo, nangoja nini?